Usifute tiketi kwa hofu: nilichojifunza kwa tiketi mbili za Chennai

Tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia alipotangaza hapa Dodoma, Dk. Tedros wa Shirika la Afya Duniani akiwa pamoja naye, kwamba homa ya virusi vya Marburg imethibitishwa mkoani Kagera, jirani yangu wa Kisasa alinipigia simu. Alikuwa na tiketi ya ndege ya kwenda Bukoba kwenye harusi ya mdogo wake, zikiwa zimebaki wiki mbili. "Dada, nifute sasa hivi kabla hawajafunga mipaka, au nisubiri?"

Nilimjibu asifute, na pia asikae kimya. Akashangaa, maana ni kama nilimwambia mambo mawili yanayopingana. Ilibidi nimsimulie habari ya mama yangu, na nimeona niiandike hapa kwa sababu swali lake nimeulizwa na watu wengi tangu 2020.

Mama anaishi Kongwa. Goti lake la kulia lilikuwa limesagika kiasi kwamba kutoka mlangoni hadi jikoni alikuwa anashika ukuta. Mwishoni mwa 2019 ukoo uliamua aende India. Mjomba aliuza ng'ombe wawili mnadani, wadogo zangu wakachanga walichopata, mimi nikachukua mkopo kazini. Tukapata nauli ya Dar es Salaam, Mumbai hadi Chennai, kwenda na kurudi, kuondoka 28 Machi 2020. Kila tiketi shilingi 1,480,000. Ya mama nililipa taslimu kwa wakala hapa mjini. Yangu, kwa kuwa mkopo ulichelewa siku tatu, nilikata mwenyewe mtandaoni kwa kadi ya benki. Ndege ile ile, viti vya jirani, bei ile ile. Shikeni hilo, maana ndilo lililonifundisha yote.

Tarehe 11 Machi Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona ni janga la dunia nzima. Siku hiyo hiyo India ikatangaza kusitisha viza karibu zote kuanzia tarehe 13, na ya matibabu ya mama ikiwemo. Tarehe 16 mgonjwa wa kwanza akatangazwa Arusha. Kesho yake shule zikafungwa. Nikaacha kazi mezani, nikaenda mbio kwa wakala.

Yule dada wa ofisini alinitahadharisha, na hilo siwezi kumnyima. Alisema, "Dada yangu, ndege yenyewe bado ipo kwenye mfumo. Nikifuta leo, aliyefuta ni wewe." Sikumsikia. Nilichokuwa nawaza ni pesa ya ng'ombe wa mjomba. Nikasaini fomu, akafuta. Nikarudi nyumbani nifute na yangu, lakini tovuti ya shirika ilikuwa inagoma kila nikifika ukurasa wa mwisho, na simu yao haikupokelewa. Nililala na hasira.

Siku mbili baadaye, tarehe 19, India ikatangaza kwamba kuanzia tarehe 22 hakuna ndege ya abiria ya ratiba kutoka nje itakayotua. Ujumbe ukaja kwenye simu yangu: safari yako ya tarehe 28 imefutwa. Tiketi yangu, ile niliyoshindwa kuifuta, ililipwa yote, 1,480,000 kamili. Ya mama zilirudi 360,000 tu, yaani kodi na tozo za viwanja vya ndege. Tofauti ya siku mbili ilitugharimu shilingi 1,120,000.

Kwenye biashara ya ndege kuna kufuta kwa aina mbili. Abiria akibadili mawazo, hata kama sababu yake ni ya kweli na inauma, anahesabiwa amefuta kwa hiari, na masharti ya nauli aliyonunua yanamshika. Nauli za bei nafuu nyingi huandikwa kwamba hazirejeshwi. Lakini shirika likishindwa kurusha ndege, hata kwa amri ya serikali, hapo abiria hajavunja chochote. Aliyeshindwa kutoa huduma ni muuzaji. Neno "hairejeshwi" watu wengi wanalisoma kana kwamba linafunga milango yote. Kazi yake hasa ni kumbana abiria anayeghairi.

Sheria zenyewe zinategemea safari inaanzia wapi na ndege ni ya nani. Ulaya wana Kanuni namba 261 ya mwaka 2004: ndege ikifutwa, abiria ana haki ya kuchagua kurudishiwa nauli, na malipo yafanyike ndani ya siku 7. Inamlinda yeyote anayeondoka uwanja wa Ulaya kwa shirika lolote, na hata anayetoka hapa kwetu kwenda huko kwa shirika la Ulaya. Marekani nako, 3 Aprili 2020, wizara yao ya uchukuzi iliyakumbusha mashirika kwamba korona haiondoi wajibu wa kurudisha pesa ya ndege waliyoifuta wenyewe. Ukiwa na tiketi ya aina hizo, itaje sheria kwa jina kwenye barua yako. Nimeona majibu yanavyobadilika.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kusubiri. Lakini kusubiri kuna mwisho, na hapa ndipo wengine huumia kuliko mimi. Ndege ikiondoka wewe hujatokea wala hujatoa taarifa, unaandikwa kwamba hukufika uwanjani. Hapo hupotezi ya kwenda peke yake. Mara nyingi na ya kurudi inafutwa yenyewe. Kwa hiyo siku unapokata tiketi, soma masharti ya nauli na uandike mahali: siku ya mwisho ya kubadilisha bila adhabu kubwa ni lini? Kuna nauli ambazo ada hupanda zikibaki saa 72, nyingine saa 24. Subiri mpaka karibu na saa hiyo. Ikifika na ndege bado ipo, usifute, badilisha tarehe. Kubadilisha tarehe kwa kawaida ni ada pamoja na tofauti ya nauli, na wakati wa mlipuko mashirika mengi huisamehe hiyo ada kwa muda. Msamaha huo hawakuletei mlangoni, waulize.

Jambo la pili ni vocha. Kabla sijalipwa, shirika lilinitumia barua pepe ya maneno matamu: badala ya kusubiri pesa, chukua vocha ya thamani ile ile, itumike ndani ya mwaka mmoja, bonyeza hapa. Kidole changu kilikuwa kimeshafika. Mdogo wangu ndiye aliyeniuliza, "Dada, mwaka mmoja kuanzia leo una uhakika India itakuwa imefungua?" Sikubonyeza. India ilirejesha safari za kawaida za kimataifa 27 Machi 2022, miaka miwili kamili baadaye. Vocha ile ingekuwa imeshakufa kitambo. Ukishabonyeza kukubali, umeachilia dai lako la pesa taslimu, na kulifufua ni kazi kubwa. Vocha ni nzuri kwa mtu anayesafiri kila mwezi na aliyesoma tarehe ya mwisho. Kwa familia iliyochanga mara moja kwa ajili ya mgonjwa, dai pesa.

Tatu, njia ambayo pesa inarudi. Sisi huku tiketi ya mgonjwa ni ya mikono mingi: huyu kachangia, yule kalipa, mwingine ndiye abiria. Shirika halijui habari za mchango. Linarudisha pale ilikotoka. Uliyelipa kwa kadi, inarudi kwenye kadi hiyo, kwa hiyo usifunge akaunti. Kadi yangu iliisha muda Julai, pesa ikaingia Agosti, miezi minne na ushee tangu nidai. Ilinifikia kwa sababu akaunti ilikuwa bado hai. Uliyelipa kupitia wakala, inapita kwa wakala kwanza. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye kiasi kamili siku ile ile unayolipa, na uulize ada ya huduma yake ni kiasi gani, maana hiyo kwa kawaida hairudi. Kisha mwombe akuandikie tarehe aliyopeleka ombi lako kwenye shirika. Anayejua una tarehe hiyo atakufuatilia tofauti na yule unayempigia simu kumuuliza "vipi, bado?"

Tunza pia namba ya tiketi yenyewe, ile ya tarakimu 13 ambayo tatu za mwanzo ni za shirika. Wengi tunatunza namba ya bukingi tu, ile ya herufi na tarakimu sita, na safari ikishafutwa hiyo inaweza isionekane tena kwenye mfumo. Piga picha skrini inayoonyesha safari imefutwa, tarehe ionekane. Ujumbe wa simu usiufute.

Bima ya safari isome kabla hujailipia. Nyingi ziliondoa magonjwa ya mlipuko, na karibu zote hazilipi tukio lililokwisha kutangazwa siku unayonunua.

Shirika likikuzungusha, peleka malalamiko kwa maandishi kwao kwanza, weka nakala. Kisha kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, TCAA CCC, ambalo kazi yake ni kumtetea abiria. Mimi sikujua lipo mwaka ule.

Jirani yangu? Ndege za Bukoba hazikusimama. Shirika la Afya Duniani halikushauri kuzuia safari, kwa hiyo hapakuwa na ndege iliyofutwa na hapakuwa na pesa ya kudai. Angefuta siku ile, angekuwa amefuta kwa hofu. Familia yake ikasogeza harusi hadi Aprili, naye akasogeza tiketi siku nne kabla ya safari kwa ada na tofauti ndogo ya nauli. Mlipuko ulitangazwa kwisha 13 Machi.

Mama hakwenda India. Novemba 2020 aliwekewa goti la bandia pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, na sehemu kubwa ya malipo ilikuwa ile pesa ya tiketi yangu. Siku niliyokwenda Kongwa kumweleza mjomba kuhusu 1,120,000 zilizopotea, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mpwa wangu, uliogopa, nasi tuliogopa." Hakuidai. Nilimrudishia kidogo kidogo kwa simu kila mwisho wa mwezi, nikamaliza Juni 2021, na mama ndiye aliyempelekea ya mwisho, kwa miguu yake.