Pedi za Probox kuisha kwa miezi miwili

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini pedi za breki za mbele za Toyota Probox yako huisha kwa miezi miwili tu. Si kawaida hiyo, hata kama unavuka feri ya Likoni, Mombasa, kila siku. Usinunue nyingine kwanza. Fungua magurudumu utazame: pedi ya ndani imelika ikabaki bati, na ya nje bado nene? Basi kalipa, ile inayozibana pedi kwenye diski ya gurudumu, imekwama. Hapa pwani hewa ya chumvi hula chuma; zile pini za kalipa zikikosa grisi hushika kutu, na pedi hubaki imeegemea diski hata ukishaachilia breki.

Endesha kidogo, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu ya mbele bila kuigusa. Inayotoa joto kuliko mwenzake ndiyo yenye shida. Fundi asafishe pini, atie grisi ya breki inayostahimili moto, si ile ya beringi, na aangalie pistoni, ile inayosukuma pedi, kama inarudi.

Pedi zikiwa zimelika sawasawa pande zote, tazama diski kama zina mifereji. Pedi za bei ya kutupa mimi siziamini kabisa. Na tafadhali, usiendeshe huku mguu umelalia breki.