Kabla Hujamkabidhi Mkandarasi Saiti ya Nyumba za Kuungana

Mkandarasi akikwambia "hilo halina shida, bosi", jua bado hujajibiwa. Jibu lake liwe namba, jina la mtu au karatasi. Maswali yafuatayo yamepangwa kwa kipimo hicho, na mfano wetu ni safu ya nyumba sita za ghorofa moja jijini Dar es Salaam, kila moja upana wa mita 6 na kina cha mita 9. Safu nzima ina urefu wa mita 36. Kwenye nyumba ya peke yake, fundi akikosea ngazi unapata ngazi moja mbaya. Hapa kipimo kilekile kinarudiwa mara sita, na kuna kuta tano za kati ambazo kila moja ina majirani wawili wa kuilalamikia.

Anza na cheti cha Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB. Kina aina na daraja, na vyote viwili visomwe. Aina iwe ya majengo. Madaraja yako saba, la kwanza ndilo kubwa, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya mradi mmoja, kwa hiyo swali ni: mradi huu uko ndani ya kikomo chako? Usajili wa mwaka huu uthibitishe kwenye bodi yenyewe, usitegemee picha ya cheti iliyotumwa WhatsApp. Uliza pia nani anasajili mradi CRB na eneo la kazi OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na kama kuna ada iko upande wa nani. Kibali cha ujenzi nacho kisomeke "nyumba sita za kuungana" kama zilivyo kwenye ramani. Kibali cha nyumba moja ya familia hakigeuki kuwa cha sita kwa sababu ukuta umeendelea.

Kisha uliza: nani atakuwa saiti kila siku kuanzia saa mbili asubuhi? Wapo wenye kampuni wanaokodisha jina. Cheti ni cha mtu mmoja, kazi inafanywa na mwingine, na siku slabu, yaani zege la sakafu ya ghorofani, ikipasuka kila mmoja anamwonyesha mwenzake. Jina la msimamizi wa saiti liandikwe kwenye mkataba, pamoja na sharti kwamba habadilishwi bila barua. Mhandisi wa kukagua kazi mtafute wewe na umlipe wewe. Anayelipwa na mkandarasi hawezi kumsimamisha mkandarasi.

Zege, nondo na maji

Slabu ya nyumba moja kwenye mfano wetu, ikiwa na unene wa sentimita 15, ni mita za ujazo 8.1. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), mita moja ya ujazo inakula mifuko 6.5 hivi ya saruji ya kilo 50. Hiyo ni kama mifuko 53 kwa nyumba, zaidi ya 315 kwa zote sita, kabla hujagusa nguzo na mihimili. Namba hizi ziwe mkononi unapouliza: zege mtalipimaje?

Jibu zuri ni boksi. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35, na boksi la mbao la sentimita 40 kwa 35 kwa kina cha 25 linachukua lita 35 kamili. Mfuko mmoja, maboksi mawili ya mchanga, manne ya kokoto, yote yakisawazishwa juu kwa ubao. Jibu la wasiwasi ni "toroli", kwa sababu toroli likijazwa mpaka likawa kilima hakuna anayejua limebeba nini, na ikifika saa nane mchana kilima kinakua. Maji ni lita 25 hadi 28 kwa mfuko. Mafundi hupenda zege la uji kwa kuwa linajisambaza lenyewe. Maji hayo ya ziada yakikauka yanaacha vitundu, na nguvu ya zege inaondoka nayo.

Maji yenyewe yanatoka wapi? Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi. Chumvi hiyo haiharibu zege la jana wala la juzi, ila inakula nondo kidogo kidogo hadi vibanduke vipande vya plasta miaka kadhaa baadaye. Mchanga wa ufukweni una kasoro hiyohiyo. Kama hakuna maji yasiyo na chumvi saiti, bei ya boza iwemo kwenye makadirio tangu siku ya kwanza, maana zege linahitaji kumwagiliwa si chini ya siku 7 na matofali mapya nayo yanataka maji yake.

Uliza kama atatengeneza vipande vya majaribio. Ni michemraba ya zege ya sentimita 15 kila upande, inayovunjwa maabara siku ya 7 na ya 28. Ya siku ya 7 inapaswa kuwa imefikia karibu theluthi mbili ya nguvu inayotakiwa, kwa hiyo unajua mapema kama kuna tatizo. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kubomoa. Uliza pia kama slabu moja itamwagwa kwa siku moja, na ikishindikana itakatiwa wapi. Na mirunda, zile nguzo za miti zinazoshikilia slabu mpya, inatolewa lini? Wanaoiwahi kuitoa, tuseme siku ya 10, huwa wanaihamishia nyumba ya pili, kwa sababu walinunua ya kutosha nyumba moja tu. Kwa safu ya nyumba sita hili ndilo swali la kuuliza kabla ya bei: una mirunda na mbao za seti ngapi?

Nondo huhitaji mizani ya kupimia magunia tu. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina kilo 10.6 hivi. Ya milimita 10 ni kilo 7.4, ya 16 inakaribia kilo 19. Ukipima kumi ukakuta wastani uko chini sana ya hapo, umeuziwa nyembamba. Mwambie mkandarasi mapema kwamba mzigo utapimwa ukiwa bado juu ya gari. Atakayenuna, mwache aende.

Ukuta wa kati

Hapa ndipo nyumba za kuungana zinapoharibikia, na wengi hawaulizi kwa sababu kwenye ramani ni mistari miwili tu.

Swali la kwanza: ni tofali la kusimamisha au la kulaza? Tofali la inchi 6 likisimama linatoa ukuta wa sentimita 15, na sauti ya televisheni ya jirani utaisikia. Likilazwa ukuta unakuwa wa inchi 9. Tofauti ni tofali 9 kwa mita ya mraba dhidi ya 13 na ushee. Kwa kuta tano zenye kina cha mita 9 na kimo cha mita 6.5, ni takriban tofali 1,300 zaidi. Gharama hiyo ni halali kabisa kuilipa, mradi msingi na mihimili iwe imechorwa kubeba uzito huo. Usikubali kuambiwa tu "tutalaza" wakati mchoro wa mhandisi unasema vingine.

La pili: ukuta unaishia wapi juu? Mazoea ya mafundi ni kuusimamisha usawa wa kenchi, kisha kufunga dari ya jipsamu. Ukipanda darini na tochi unaona moja kwa moja kutoka nyumba ya kwanza hadi ya sita. Moshi unapita hapo, panya wanapita, mwizi anapita, na moto ukianza jikoni kwa mmoja unatembea chini ya bati. Mkataba uandike kwamba kila ukuta wa kati unapandishwa hadi chini ya bati, papi (mbao zinazopigiliwa bati) zinakatwa ukutani badala ya kupita juu yake, na mwanya uliobaki unazibwa kwa plasta. Kazi hii ifanyike kabla ya kuezeka. Baada ya bati kufungwa, fundi anajenga akiwa amelala kifudifudi na matokeo yake yanaonekana.

La tatu ni fupi, la kumuuliza fundi: nani amekwambia utindue, yaani uchonge ukuta kupitisha mabomba na nyaya? Mabomba na boksi za swichi zisiingie ukuta wa kati, na hasa zisikutane mgongo kwa mgongo. Kila tundu ni mlango wa sauti.

Safu ya mita 36 inataka pia mwanya wa makusudi mahali fulani, kwa kawaida karibu na katikati, ili jengo litanuke na kusinyaa bila kujipasua. Mhandisi ndiye anayepanga ulipo. Mkandarasi akuonyeshe kwenye mchoro atakavyouziba juu ya bati na kwenye ukuta wa nje, kwa kuwa mvua huingilia hapo.

Maji taka yaulizwe kabla ya kumwaga jamvi, zege la sakafu ya chini. Bomba la inchi 4 linalopita nyuma ya nyumba zote kwa mteremko wa 1 kwa 60 linashuka sentimita 60 mwisho wa mita 36, na kwa 1 kwa 40 linashuka sentimita 90. Mdomo wa shimo la maji taka uwe chini ya hapo. Wakichimba shimo kwanza na kupima baadaye, nyumba ya sita ndiyo inayonuka. Kila nyumba iwe na chemba yake, mita yake ya maji na LUKU yake ya umeme, na bomba la mtu lisipite chini ya sebule ya mwenzake. Ukikusudia kuziuza mojamoja, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inaruhusu hati kwa kila sehemu, lakini ugomvi wa mabomba hautatuliwi na hati.

Fedha

Dai BOQ, yaani orodha ya kazi na vifaa pamoja na bei zake, yenye vipimo. Mstari unaosema "umaliziaji, jumla" ni hundi tupu uliyomsainia. Uliza kama bei ina VAT ya asilimia 18, kwa sababu jibu hilo likija mwishoni linakula nyumba nzima. Bati liandikwe geji, na kumbuka geji 28 ni nene kuliko 30. Namba inapopanda bati linapungua. Dawa ya mchwa chini ya jamvi na dawa ya mbao za kenchi ziwe na mistari yake.

Malipo ya awali yatolewe dhidi ya dhamana ya benki. Baada ya hapo lipa kwa kazi iliyopimwa na mhandisi wako, na kila malipo yakatwe asilimia 5 hadi 10 ya zuio, pesa unayoishikilia hadi kasoro zirekebishwe. Kazi ya nyongeza isianze bila bei na sahihi yako.

Mpangilio wa kazi nao una pesa ndani yake. Mwambie apandishe maboma yote sita, kisha amalize nyumba moja hadi rangi na vigae, aisimamishe hapo uikague. Ngazi yenye kipandio kimoja kirefu, choo ambacho mlango unagonga sinki, swichi iliyo nyuma ya mlango: vyote vinaonekana kwenye hiyo moja na vinarekebishwa kabla ya kurudiwa mara tano. Baadhi ya wakandarasi hulipinga hili kwa kuwa kundi la vigae linakaa wiki bila kazi. Jadili fidia ya wiki hiyo.

Mwisho, kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi anarekebisha kasoro baada ya kukabidhi, kina miezi mingapi na kinaanza lini? Ukikabidhiwa funguo Juni kwa matazamio ya miezi 6, kinaisha Desemba, paa likiwa limeonja vuli tu. Andika miezi 12, ili masika ya Machi hadi Mei yapite zuio lako likiwa bado mkononi.