Maswali ya wasomaji: Chumvi ukutani, harufu bafuni na hati kabla ya kuuza nyumba

Nauza nyumba ya vyumba vitatu. Chini ya kuta za sebule rangi inabanduka na unga mweupe unatoka. Fundi anasema tupige rangi ya mafuta, mnunuzi hataona. Nimsikilize? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

Usimsikilize. Rangi ya mafuta haipitishi unyevu. Maji yanayopanda kutoka kwenye msingi yakikuta njia imezibwa huendelea kupanda, na malengelenge yaliyokuwa usawa wa goti utayakuta usawa wa kiuno. Mvua za masika zikianza kabla hujapata mnunuzi, umeharibikiwa mara mbili.

Unga huo ni chumvi. Hutoka ardhini, au kwenye mchanga wa pwani uliopigiwa lipu. Maji huiyeyusha na kuibeba mpaka usoni mwa ukuta. Yakikauka, chumvi hubaki pale ikisukuma rangi.

Jua kwanza maji yanatoka wapi. Kata kipande cha nailoni nyepesi cha sentimita 50 kwa 50, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumba, ni hewa nzito tu: fungua madirisha. Kisha toka nje. Mara nyingi utakuta bustani au kifusi kimepanda juu ya usawa wa sakafu ya ndani. Chimba udongo ushuke angalau sentimita 15 chini ya sakafu, na uuinamishe maji yakimbie mbali na nyumba. Ukuta ukipakana na bafu, funga bomba zote na utazame mita ya maji. Ikizunguka, una bomba linalovuja.

Chanzo kikishapatikana, bandua lipu kutoka sakafuni mpaka sentimita 50 juu ya alama ya unyevu. Sugua tofali kwa brashi ya waya, kavu. Usioshe kwa maji. Unairudisha chumvi ukutani. Piga lipu mpya ya ndoo moja ya saruji kwa nne za mchanga wa mto, imwagiliwe siku 7, kisha iachwe ikauke wiki nne kabla ya rangi. Hapa ndipo wauzaji wengi wanapoharakisha, na saruji mbichi inachoma rangi ndani ya mwezi.

Kama nyumba ilijengwa bila nailoni nzito kati ya msingi na tofali, lipu mpya inakununulia muda tu, haiponyi. Mwambie mnunuzi. Bei itashuka kidogo, lakini hatarudi na wakili.

Chumba cha mita 3 kwa 4 kinahitaji rangi kiasi gani? (Msomaji, Morogoro)

Kuta zikiwa na kimo cha mita 3, mzunguko wa mita 14 unakupa mita za mraba 42. Toa mlango na dirisha, zibaki kama 38. Mikono miwili ni 76. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takribani mita za mraba 10 kwenye ukuta laini, kwa hiyo makopo mawili ya lita 4 yanatosha, na yanabaki kidogo ya kuziba madoa. Lipu mpya hunywa zaidi, kwa hiyo anza na praima (rangi ya kwanza ya kuandaa ukuta). Ukinunua makopo kadhaa ya rangi iliyochanganywa dukani, yamimine kwenye ndoo moja uyakoroge. Vinginevyo ukuta mmoja utatofautiana na mwenzake, na mchana wa jua kila mtu ataona.

Madoa ya kahawia kwenye dari ya gipsamu hayafunikwi na rangi ya maji, yatarudi. Ziba kwanza bati linalovuja (tazama misumari iliyopoteza mipira yake), kisha pitisha praima ya mafuta kwenye doa, ndipo ufuatishe rangi ya dari.

Nyumba imekaa tupu miezi minne. Bafuni kuna harufu ya shimo la maji taka. (Msomaji, Tanga)

Bomba lililopinda chini ya tundu la sakafuni hubaki na maji ya kuzuia harufu, na hayo yamekauka. Mimina nusu ndoo katika kila tundu, sinki na choo, kisha kijiko cha mafuta ya kula katika tundu la sakafuni yasikauke upesi. Harufu ikibaki, fungua chemba: pengine imeziba.

Nyumba ni ya marehemu baba. Hati ina jina lake. Tuanzie wapi? (Msomaji, Dodoma)

Mahakamani. Asiyeteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi hawezi kuihamisha, hata ndugu wote wakikubali kwa kauli moja. Baada ya uteuzi, fanyeni upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi muone kama kuna rehani au zuio, na mlipe kodi ya pango la ardhi inayodaiwa. Msimamizi akiuza, kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida, na gharama za kuiboresha nyumba hupunguza faida hiyo. Kwa hiyo risiti za bati na saruji msizitupe. Tafuteni hata zile baba alizoweka kwenye sanduku la kitandani.