Nilifeli kuchora mwezi ninaouona kila siku

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Ngaramtoni aliniandikia: "Dada, hesabu nilipata F. Naweza kusoma falaki, elimu ya nyota na sayari, kwa mtandao, au nitapoteza hela?" Najibu hapa, maana swali hilo lilikuwa langu mwaka juzi.

Nina kiduka cha vifaa vya shule na kopi hapa Pasua, Moshi. Nilijiunga na kozi ya wiki nane ya chuo kimoja cha nje. Shemeji yangu aliposikia, aliuliza mbele ya wageni kama sasa nitaanza kuwapigia watu ramli. Walicheka sana. Sijasahau.

Kazi ya kwanza: chora mwezi mchanga jioni tano. Nilikuwa nimechoka na duka, nikanakili picha za mtandaoni, hilali imesimama wima. Nikapewa 38 kwa 100 na maneno machache: ulipo wewe, mwezi hauonekani hivi. Nililia. Jioni nikatoka uani, nikauona umelala kama mtumbwi, pembe zote juu, vilevile ulivyokuwa tangu nikiwa mtoto. Moshi iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Zile picha zilipigwa mbali kaskazini, ambako mwezi husimama. Hata Nyota ya Kaskazini wanayoisifia, kwetu iko chini ya upeo. Kozi ile sikuimaliza.

Mwaka huu nimeirudia. Kijana wa jirani anayepandisha wageni Mlima Kilimanjaro aliniazima darubini yake ya mkono, nikaegemeza viwiko ukutani nikaitafuta sayari ya Mushtarii (Jupiter). Vidoti vinne kando yake! Ndiyo miezi aliyoiona Galileo, mwanafalaki wa Italia, mwaka 1610. Kila usiku nilichora vimehamia wapi. Io, mmoja wa miezi hiyo, huizunguka Mushtarii kwa saa 42 hivi, kwa hiyo kesho yake haupo ulipouacha. Usiku wa mawingu niliandika "mawingu", basi. Nimepata 81. Cheti nimekibandika juu ya mashine ya kopi, na shemeji amekisoma.

Sasa hesabu. Mushtarii iko mbali na Jua mara 5.2 kuliko Dunia. Zidisha 5.2 kwa 5.2, kisha tena kwa 5.2, tafuta kipeuo cha pili cha jibu: karibu 11.9, ndiyo miaka yake ya kulizunguka Jua. Kikokotoo cha simu kinatosha. F yako isikutishe.

Kinachotuangusha ni kunakili. Tunataka cheti kabla ya kuona, tunaamini picha ya mgeni kuliko macho yetu, na anga tunalo bure! Kundi la nyota wanaloliita Pleiades ni Kilimia, ambacho wakulima wa pwani walikitazama kujua msimu kabla kozi yoyote haijafika.

Video pakua usiku, bando likiwa nafuu. Ila ada usilipe kwanza, mdogo wangu. Nunua daftari, subiri mwezi uandame, uchore jioni tano kutoka uani kwenu. Kisha nitumie picha za michoro hiyo.