Ruzuku ya kilimo hai na bomba lililokuwa stoo kwa mama

Mliuliza wiki iliyopita: je, serikali ya Tanzania itoe ruzuku ili wakulima wengi zaidi waingie kwenye kilimo hai, yaani kilimo kisichotumia mbolea wala dawa za viwandani? Ndiyo, itoe. Tangu msimu wa 2022/23 mbolea ya viwandani inapunguzwa bei kwa fedha za umma. Mkulima anajiandikisha, anapata namba kwenye simu, anakwenda dukani. Sisi wa mboji na samadi namba hiyo tutaipeleka duka gani? Mkakati wa kitaifa wa kilimo ikolojia hai, wa 2023 hadi 2030, upo. Basi fedha nazo zije.

Ila nikisikia ruzuku namkumbuka mama, kule milimani Uluguru, na pilipili manga zake.

Mashamba yetu yaliandikishwa na kampuni moja iliyonunua viungo. Cheti cha kilimo hai kilikuwa cha kampuni. Sisi tulikuwa majina kwenye orodha. Mkaguzi alifika asubuhi, ukungu haujainuka. Mama akampa kiti chini ya mfenesi, akamtembeza kwenye mashimo ya mboji, akamwonyesha mipilipili ilivyokwea miti. Kila kitu safi. Kisha mgeni akaomba kuona stoo. Nyuma ya mtungi palikuwa na bomba la kupulizia dawa. Mdogo wangu alikuwa na matuta machache ya nyanya bondeni, na juzi yake alikuwa amezipulizia sumu ya sokoni. Mama angeweza kusema bomba ni la jirani. Akasema, "La mwanangu hilo. Anapulizia nyanya kule chini." Mkaguzi akateremka, akahesabu hatua kutoka kwenye nyanya mpaka mpilipili wa kwanza: kumi na nane. Akaandika, akashukuru, akaondoka.

Jibu lililorudi: shamba lianze upya kuhesabu miaka mitatu bila dawa, ndipo pilipili ziuzwe tena kama za kilimo hai. Mama akaendelea vile vile, bila tone la dawa, na pilipili ile ile akawa anamuuzia dalali kwa bei ya kila mtu. Mdogo wangu hakumgombeza. Aliniuliza mimi tu, "Mbona hakuna aliyetuambia kwamba na nyanya zinahesabika?" Nani angetuambia? Bwana shamba wa kata alijua mbolea ya mifuko na dawa za dukani, ndivyo alivyofundishwa. Kabla miaka mitatu haijatimia kampuni ikaacha kununua kwetu, ikaondoka na cheti chake.

Nikisoma nilichoandika hapo juu, ile ndiyo yangu inapungua nguvu. Mboji ya mama haikuhitaji kupunguzwa bei, ilitoka zizini kwake. Alichokosa ni mtu wa kumfundisha kuzuia wadudu wa nyanya bila sumu, na cheti chenye jina la ushirika wake. Alama ya Kilimohai, nembo ya kuonyesha zao ni la kilimo hai, tunayo Afrika Mashariki tangu 2007, na wakulima wanaweza kuipata kwa kukaguana wenyewe katika vikundi. Kwa soko la hapa inafaa. Ulaya wanataka mkaguzi waliyemwidhinisha wao, na mkaguzi huyo ni ghali.

Kwa hiyo nasema serikali isianze kwa kuongeza wakulima wapya. Ivilipie ukaguzi vyama vya ushirika vilivyopo, iwasomeshe mabwana shamba. Huenda wenzangu wa pamba Meatu au kahawa Kagera wana shida nyingine kabisa, siwasemei. Na ruzuku ikija kama ilivyo, sitaikataa. Mama amekubali kujiandikisha tena, ila safari hii ameuliza kwanza cheti kitaandikwa jina la nani.