Maswali ya Wasomaji: Chombo cha Chai Chenye Pete za Shaba

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu mume wangu aliniachia chombo alichopewa na mgeni mmoja aliyekuwa akihama Tabora. Ni mfano wa bomba la mbao, lanifika karibu na kiuno, limefungwa pete za shaba ya manjano, na ndani mna mti mrefu wenye kisahani kilichotobolewa matundu. Aliambiwa tu kwamba ni cha chai, kutoka Tibet. Mnunuzi wa vyuma chakavu anazitaka pete zake. Je, chai husagwa humo? Nimuuzie?
Mama wa Ng'ambo, Tabora

JIBU: Mama, tunakusihi usimuuzie. Pete hizo ndizo zinazoshikilia vibao, na zikitolewa utabaki na kuni. Chombo hicho huitwa dongmo, na kazi yake si kusaga bali kusuka, kama wafugaji wetu wanavyosuka maziwa katika kibuyu, ila nia ni kinyume: kibuyu husukwa ili siagi ijitenge na maziwa, ilhali dongmo husukwa ili siagi na chai vishikamane. Watibeti huchukua chai iliyoshindiliwa mithili ya tofali, ambayo kwa karne nyingi ililetwa kutoka Sichuan, jimbo la China, kwa migongo ya wanyama na ya wapagazi, wakaichemsha hadi iwe nyeusi, wakaichuja, kisha wakaimimina humo pamoja na chumvi na siagi ya dri, yaani jike la yaki, ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu. Mti unaposukumwa chini na kuvutwa juu, chai hulazimika kupenya kwenye matundu ya kile kisahani, na mafuta huvunjika kuwa matone madogo mno yasiyoelea upesi. Matundu hayo ndiyo siri yote ya chombo.

Baada ya hapo chai huhamishiwa kwenye birika na kunywewa katika bakuli dogo la mbao. Mjini Lhasa, mji mkuu wa Tibet, kwenye mwinuko wa mita 3,650 hivi penye baridi, mafuta na chumvi hiyo si anasa.

Chungulia ndani kwa tochi. Ukiona vibao vimelainika kwa msuguano na kisahani kimelika ukingoni, ukasikia na harufu ya siagi iliyochacha, basi yaelekea chombo kilifanya kazi kweli, kwa kuwa vipo pia vinavyotengenezwa kwa ajili ya watalii. Alama hizo ndizo thamani yake, kwa hiyo usizifute kwa msasa wala usiing'arishe shaba kwa dawa kali. Kiangazi cha Tabora hukausha mbao zikasinyaa na pete zikalegea. Usizipigilie misumari, bali kiweke chombo kivulini, mbali na dirisha lenye jua na mbali na jiko.

Ukitamani kuionja chai yenyewe, usianzie humo. Chemsha chai ya rangi nzito isiyo na sukari, tia chumvi kidogo na kijiko cha siagi, upekeche kwa upekecho mpaka ifanye povu, kisha uinywe ukiichukulia kuwa ni mchuzi.