Wikiendi moja Xiamen na mama mwenye magoti mabovu

ULIZA ANKO WA SAFARI

Anko shikamoo. Nasoma Guangzhou mwaka wa pili. Mwezi wa kumi na moja mama anakuja kutoka Tanga kufunga mzigo, akimaliza atabakiwa na Jumamosi na Jumapili na ameshasema hataki kuona duka lingine, anataka bahari. Wenzangu wananiambia nimpeleke Xiamen. Mama ana miaka 61, magoti yanamsumbua na hali nyama asiyojua imechinjwaje. Siku mbili zinatosha? Tulale wapi?
*Mwanafunzi, Guangzhou*

Marahaba mwanangu. Zinatosha, ila zinatosha kwa mtu anayekubali kuacha vitu, maana Xiamen watu wengi wanaiharibu kwa kutaka kumaliza yote, asubuhi hekalu mchana kisiwa jioni soko, Jumapili wanarudi wamechoka kuliko walivyotoka. Nyie chukueni kisiwa cha Gulangyu siku moja na ufukwe siku moja basi, mengine bonasi.

Kwanza treni. Kutoka Guangzhou ni kama masaa manne kwa treni ya kasi, zingine zinazidi kidogo kwa hiyo angalia kabla hujakata, na Guangzhou ina stesheni zaidi ya moja, soma tiketi yako inasema ipi usije ukasimama Nan (kusini) wakati treni yako inaondokea Dong (mashariki). Tiketi zinafunguliwa siku 15 kabla, na za Ijumaa jioni zinaisha haraka mno. Tiketi ni paspoti yenyewe, hakuna karatasi, geti la kujihudumia likikataa paspoti ya mama msihangaike, pembeni kuna njia yenye mhudumu. Ondokeni Ijumaa baada ya vipindi, mkilala Xiamen siku hiyohiyo mmeshapata Jumamosi nzima, na hapo ndipo wikiendi inapookoka.

Sasa kuna treni zinazoishia stesheni ya Xiamen, mjini kabisa, na zingine zinaishia Xiamen Bei (kaskazini) ambayo iko bara, mbali, maana mji wenyewe uko kisiwani. Wengi wanalalamika wakipata Bei, mimi naipenda, kwa sababu unapanda metro laini namba 1 na baada ya kituo cha Jimei ile treni inapita juu ya bahari, maji kulia na kushoto, mpaka Gaoqi. Usiku hutaona kitu, kwa hiyo wakati wa kurudi Jumapili ndiyo mpande hiyo, mchana, mama mkalishe dirishani. Mwisho wa laini ni Zhenhai Lu, pale ni karibu na Zhongshan Lu, mtaa wa zamani wenye majengo ya baraza zilizofunikwa, mvua inanyesha na unatembea mkavu. Laleni maeneo hayo.

Najua utasoma kwingine kwamba ulale Gulangyu kwenyewe. Ni kweli, na ningekuwa peke yangu ningelala huko, maana jioni wageni wa mchana wakishaondoka kile kisiwa kinanyamaza kama Lamu baada ya Isha. Lakini Gulangyu hakuna gari, hakuna pikipiki, hata baiskeli marufuku, na ni vilima na ngazi. Mizigo ya maduka na mahoteli inavutwa na watu kwa mikokoteni, nimewaona wanne wanasukuma mkokoteni mmoja wa matofali mlimani huku wanaimbiana. Tofauti na Lamu ni kwamba punda hamna. Begi la mama utalibeba wewe.

Sikia hili vizuri kwa sababu lilinila nusu siku. Mara ya kwanza nilikaa hoteli ya pale ng'ambo ya kisiwa, nakiona kabisa, bahari katikati haifiki hata kilomita moja, nikateremka gatini na begi langu najua dakika kumi nimefika. Mlinzi akanionyesha mkono, siyo hapa. Kumbe lile gati la Lundu mchana ni la wenyeji, sisi wageni tunatakiwa twende gati la meli kubwa upande wa Dongdu, teksi ya mbali kidogo, na nilipofika huko boti za asubuhi zimejaa, nikapata ya alasiri. Jua limeniwakia, hasira, na hoteli yangu iko palepale pa kwanza! Kwa hiyo kata tiketi ya boti mapema kwa paspoti, mimi nililipa yuan 35 kwenda na kurudi kuteremkia Sanqiutian, na chagua boti ya saa moja au saa mbili asubuhi. Safari yenyewe ni dakika 20 hivi. Ikifika saa nne vikundi vya watalii vya bendera na vipaza sauti vimeshaingia, na kisiwa chenyewe hakifiki hata kilomita mbili za mraba, utafikiri Kariakoo ya sikukuu.

Mkiteremka msianze na Mwamba wa Jua, Riguang Yan, kila mtu anaanza huko. Ni mita 92 juu, ngazi tupu, mama hapandi pale. Tembeeni polepole vichochoroni. Xiamen ilifunguliwa kwa nguvu kwa wafanyabiashara wa Ulaya baada ya mkataba wa Nanjing wa 1842, wakaiita Amoy, na wale wazungu wakachagua kuishi ng'ambo kisiwani, wakajenga nyumba za kibalozi, makanisa, shule. Baadaye Wachina waliotajirika Malaya na Indonesia na Ufilipino wakarudi nao wakajenga, wakachanganya mitindo yote, nguzo za Kigiriki na paa la Kichina na vigae vya rangi, ndiyo hayo yaliyoingizwa UNESCO mwaka 2017. Mtoto wa pwani yetu akitembea mle haoni mageni sana. Nyumba ya tajiri aliyetoka ng'ambo inajulikana tu, ukutani kwanza.

Halafu mpelekeni bustani ya Shuzhuang, hii ni ya 1913, imejengwa na tajiri aliyehama Taiwan baada ya Wajapani kuichukua. Madaraja yanapinda juu ya maji, kuna pa kukaa, na ndani humohumo kuna makumbusho ya piano kwa sababu kisiwa hiki wanakiita kisiwa cha piano, wamisionari waliacha vinanda na watu wakavipenda. Hapo mama akae, apige picha zake za stetasi, na wewe kimbia Mwamba wa Jua kama miguu inawasha. Mkichoka kuna vigari vya umeme vya watalii vinavyozunguka pembeni ya kisiwa, ndiyo magari pekee ya abiria, kwa magoti ya mama hayo ni halali kabisa.

Chakula. Hapa uwe makini mwanangu. Xiamen wanajivunia tambi za shacha, mchuzi wa karanga na viungo, ni satay ileile waliyoileta kina babu kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, harufu itamvuta mama kutoka mbali, ila supu ya chini mara nyingi ni ya mifupa ya nguruwe hata ukiomba topingi ya samaki. Msile mpaka muwe na uhakika. Tafuta maandishi 清真, yaani halali, mara nyingi yako kwenye bango la kijani, hao ni Waislamu wa kaskazini magharibi wanaouza tambi za nyama ya ng'ombe, wako kila mji wa China na Xiamen wapo. Kitamu salama cha mama ni huashengtang, karanga zilizochemshwa mpaka zinayeyuka mdomoni kwenye uji mwepesi wa sukari, muulize tu muuzaji asitie yai kama hapendi. Na akiona vitu vinavyotikisika kama jeli ndani yake kuna kitu cheusicheusi, hao ni minyoo ya baharini. Mimi nilikula kwanza nikaulizia baadaye, na sirudii.

Jumapili ni ufukwe. Nisikudanganye, mama aliyekulia Tanga akitegemea maji ya Pangani atanuna. Pale kuna mdomo wa mto Jiulong, maji ni ya kijivujivu, na yakipwa yanapwa haswa. Uzuri wake ni barabara ya Huandao inayokumbatia bahari, ina njia ya baiskeli na ya miguu, miti, upepo, mabenchi. Anzieni Baicheng nje ya chuo kikuu cha Xiamen, kile alichokianzisha Tan Kah Kee mwaka 1921, tajiri wa mpira wa Singapore aliyemwaga hela yake kwenye shule mpaka za Jimei kule mnakopita na metro. Kuingia chuoni kunataka kujiandikisha kabla, mkikosa acheni. Jirani yake kuna hekalu la Nanputuo, halina kiingilio, mama kama hataki kuingia sehemu za ibada za wengine msimlazimishe, bwawa la mayungiyungi nje linatosha.

Vitu vidogo: unganisha kadi ya benki na Alipay, app ya kulipia, kabla ya safari, ramani ya Google isahau tumia Amap, na uandike anwani ya hoteli kwa herufi za Kichina kwenye karatasi, simu inazimika. Hoteli uipigie uulize kama wanapokea paspoti ya kigeni. Serikali imeshasema wasikatae wageni lakini dada wa kaunta saa tano usiku asiyejua kuingiza paspoti kwenye mfumo atakukatalia tu, yalinikuta, nikalala ya pili kwa bei mara mbili. Mwezi wa kumi na moja mmechagua vizuri, vimbunga vya Julai hadi Septemba vimepita na joto limeshuka. Mngesema wiki ya kwanza ya Oktoba, sikukuu ya taifa China nzima iko safarini, ningewaambia mbaki bwenini.

Assalam aleikum. Mimi ni wa Mombasa, naenda Xiamen kwa mambo ya mawe ya marumaru, nitabakiwa na siku moja tu tupu. Hicho kisiwa cha piano sikitaki. Kuna cha maana?
*Mfanyabiashara, Mombasa*

Waaleikum salaam ndugu yangu. Achana na Xiamen siku hiyo, panda treni uende Quanzhou, ni nusu saa na kitu tu. Huu ndio mji Waarabu waliuita Zaytun, na ule mji ambao Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, aliisifia bandari yake, huyohuyo aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331.

Nenda Msikiti wa Qingjing. Umejengwa mwaka 1009, wa mawe, lango lake refu limechongwa ki-Arabu hasa, siyo paa la pagoda kama misikiti mingine ya China. Ukumbi wa zamani hauna paa sasa, unasimama ndani unaona mbingu, na ukutani aya za Qurani zimechongwa kwenye jiwe. Kuna maandishi yanayosema ulikarabatiwa 1310 na haji mmoja wa Shiraz. Nilipolisoma hilo jina nilicheka peke yangu, Mshirazi hakosekani! Sisi huku pwani nasaba zetu nusu tunazipeleka Shiraz, na wao kule kumbe wanaye wa kwao ameandikwa kwenye jiwe na tarehe kabisa.

Ukiwa na muda chukua teksi hadi makaburi ya Lingshan, mlimani, pametulia. Pale kuna jiwe la mwaka 1417 linalosema Zheng He, amiri wa meli za mfalme wa China, alifika kuchoma ubani kabla ya safari yake ya tano, na safari hiyo ndiyo iliyofika Mogadishu na Barawa mpaka Malindi kwenu. Jiwe ni dogo na limechakaa, wenyewe wanapita bila kulitazama. Mimi nilikaa pale kama saa nzima, dereva akadhani nimeugua. Kuna makumbusho ya bahari pia mjini yenye mawe ya makaburi ya Kiarabu mengi sana, hiyo tu inaweza kukumaliza mchana. Nenda na paspoti, na chakula cha halali utakipata jirani na msikiti.

Anko, nikiwa ufukweni Xiamen naambiwa visiwa vinavyoonekana ni vya Taiwan na kuna boti. Nina viza ya China ya kuingia mara moja. Naweza kwenda na kurudi siku moja?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Hapana, tafadhali usithubutu. Ile ni Kinmen, kweli iko karibu, na kweli kuna boti. Lakini ukipanda umeshatoka China bara, viza yako ya mara moja imeishia hapo, kurudi hurudi mpaka upate nyingine, na Taiwan nayo inataka viza yake kwa paspoti yetu, kwa hiyo hata kwenye boti hawakupandishi. Hong Kong ni hivyohivyo, ukiingia umetoka, nimeona watu wamekwama Shenzhen na mizigo yao iko Guangzhou. Ukitaka kuiona Kinmen panda ngome ya Hulishan hukohuko Xiamen, ina mzinga wa Krupp wa Kijerumani wenye mdomo wa milimita 280, na kuna darubini. Siku ya ukungu hutaona kitu, kwa hiyo angalia hewa kwanza ndio ulipe kiingilio.